Hukumu za Arusha nazo zikazwe

Mhariri,

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo huku Nachingwea hadi nilipostaafu, na kazi iliyonikaa moyoni kuliko zote ni kupokea maombi ya kukaza hukumu, yaani kumlazimisha aliyeshindwa atimize kilichoamriwa.

Nakumbuka mama mmoja aliyemshinda mnunuzi wa korosho. Yule bwana alibeba magunia sita kwa ahadi ya kulipa Ijumaa. Ijumaa ikapita, na msimu ukapita. Mama alipopewa nakala ya hukumu yenye muhuri, aliikunja akaifunga kwenye pindo la kanga. Miezi miwili baadaye alirudi, akaifungua mezani kwangu, mikunjo imeanza kuchanika, akaniuliza: "Mwanangu, karatasi hii mtu anaila vipi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kushinda ni jambo moja na kukaza hukumu ni jingine. Tukajaza fomu, hakimu akatoa amri, pikipiki ya mdaiwa ikakamatwa. Siku ya tatu fedha zikaletwa.

Humkumbuka mama huyo kila ninaposoma habari za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha. Juni 14, 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, mahakama hiyo iliamua kwamba kumlazimisha mgombea apitie chama cha siasa kunavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ikaitaka serikali yetu irekebishe Katiba na sheria. Mchungaji alifariki 2015. Tumepiga kura 2015, 2020 na 2025, na mgombea binafsi bado hayumo.

Je, hukumu ile inatufunga? Ndiyo. Ibara ya 30 ya Itifaki, yaani mkataba ulioianzisha mahakama hiyo, inaitaka nchi iliyo mhusika katika shauri itii hukumu na kuhakikisha inatekelezwa, na Itifaki hiyo tuliiridhia wenyewe mwaka 2006. Mwaka 2019 tuliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki serikali pale moja kwa moja. Wengi huchanganya hapo: kuondoa tamko kuliwazuia waombaji wapya, hakukufuta hukumu zilizokwisha kutolewa.

Ugumu uko masijala, pale mashauri yanaposajiliwa. Kwetu mkataba wa kimataifa hautumiki mahakamani kama sheria mpaka Bunge liutungie sheria. Leo mtu akiichukua hukumu ya Arusha akaipeleka Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, itasajiliwa kwenye daftari gani, kwa fomu ipi? Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ya Arusha, ina njia yake: ibara ya 44 ya Mkataba wa Jumuiya inasema hukumu yake ya kulipa fedha itakazwa kwa utaratibu wa madai wa nchi husika, ikishathibitishwa na Msajili kuwa ni halisi. Basi. Mshindi anaendelea.

Najua wapo wanaosema majaji wa nje wasituamrishe, na kwamba hata Marekani haikubali. Kweli, mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuikaza hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu raia wa Mexico aliyehukumiwa kifo Texas, José Medellín, naye adhabu hiyo ikatekelezwa mwaka huohuo. Lakini majaji walewale walikiri kwamba hukumu ile iliifunga nchi yao. Walichokikosa ni sheria ya ndani ya kuitekeleza. Ni pengo lilelile tulilonalo sisi, na mtu alipoteza uhai humo.

Nawaomba wabunge wetu wa Lindi na Mtwara walifikishe hili bungeni. Itungwe sheria fupi: hukumu ya Mahakama ya Afrika dhidi ya Tanzania isajiliwe Mahakama Kuu, iwe na fomu yake kama ile tuliyomjazia yule mama, fidia ikazwe kama hukumu nyingine za madai. Pale inapotakiwa sheria kubadilishwa, Mwanasheria Mkuu wa Serikali apewe siku maalumu za kuleta muswada bungeni.

Karani mstaafu,
Nachingwea, Lindi