Mdogo wangu, kamera hiyo usiiuze kwanza

Mdogo wangu,

Picha ulizonitumia nimezitazama moja baada ya nyingine. Unalalamika kwamba za ndani zimejaa chenga, yaani vile vipunje vipunje, nyuso zimekuwa za manjano, na anga limetoka jeupe pe. Ni kweli kabisa. Lakini kabla hujajitia kwenye deni la kamera mpya, nisikilize. Kati ya kasoro hizo tatu, mbili zinatibika kwenye kompyuta, na ya tatu inazuilika wakati wa kupiga.

Rangi ndiyo rahisi kuliko zote. Fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, uingie kwenye menyu ya rangi, sehemu ya viwango vya mwanga. Chukua kile kidude cha kuchagulia kijivu, ubofye kitu ambacho macho yako yanajua ni cha kijivu au cheupe, kama karatasi au shati. Umanjano unaondoka papo hapo.

Anga sasa. Kwenye JPEG, ile aina ya faili ambayo kamera nyingi huhifadhia picha, kila rangi ya msingi ina ngazi 256 tu, kuanzia 0 (giza kabisa) hadi 255 (mwanga wa mwisho). Mawingu yakishagota 255 yote, hakuna programu itakayoyarudisha, kwa sababu hakuna kilichorekodiwa. Kwa hiyo tumia kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ushuke chini ya sifuri kidogo, picha itoke na giza kiasi. Gizani bado mna kitu cha kuokoa.

Tatizo ni kwamba ukiling'arisha giza hilo, chenga zinaibuka. Sensa ya kamera yako, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni ndogo na inapokea mwanga kidogo, ndiyo maana. Hapa ndipo nataka ukae na kujifunza, maana dawa yake naipenda mno. Chenga hubadilika kila unapopiga, lakini kitu unachokipiga hakibadiliki. Weka kamera juu ya meza, tumia kipima muda ili kidole kisiitikise, upige picha nne zinazofanana. Zifungue zote kwenye GIMP kama tabaka za picha moja, moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa iache na ukolevu (opacity) wa asilimia 100, inayofuata 50, ya tatu 33, ya juu 25. Ukifanya hivyo, kila picha inachangia robo sawasawa, na chenga zinapungua kwa nusu. Ukitumia tisa zinabaki theluthi. Utaona ukuta uliokuwa na vipunje unalainika, huku maandishi kwenye jalada la kitabu yakibaki makali. Ile slaida ya kuburuta ya kuondoa chenga haiwezi hivyo: inafuta chenga pamoja na nyuzi za nguo, na ngozi ya mtu inageuka plastiki.

Kwa watoto wanaokimbia njia hii haifai kabisa. Hao wapeleke karibu na dirisha.

Kunoa picha kuwe kwa mwisho, baada ya kuipunguza ukubwa, na kidogo tu. Iliyotikisika usihangaike nayo, piga upya. Na faili la asili usiliguse. Kazi yako ihifadhi kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, kwa kuwa JPEG hupoteza ubora kila unapoihariri na kuihifadhi tena.

Ukikwama kwenye tabaka, nitumie hizo picha nne kama zilivyo, nami nitakuonyesha hatua kwa hatua.