Gitaa dogo la stili lipangwe upya, lisiige kubwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe maoni yangu juu ya makala yenu kuhusu gitaa la stili lenye pedali, lile linalopigwa likiwa limelazwa mbele ya mpigaji, naye akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi pedali zinavyovuta nyuzi. Hata hivyo, alipofika kwenye magitaa madogo, yale ya nyuzi 8, pedali 3 na wenzo mmoja wa goti (unaosukumwa kwa goti kubadilisha noti), aliyamaliza kwa sentensi moja: kwamba ni ya kujifunzia, yapangwe kama makubwa kadiri iwezekanavyo, na mwenye nalo avumilie mpaka apate la nyuzi 10. Nimepiga gitaa la namna hiyo kwa miaka kadhaa, na naamini ushauri huo ndio unaofanya mengi yaishie uvunguni mwa kitanda.

Mpangilio unaoitwa wa kawaida, yaani E9 (jina la seti ya noti ambazo nyuzi zinatyuniwa), haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1954 Bud Isaacs, mpigaji wa gitaa hili, alisikika katika rekodi ya mwimbaji wa country Webb Pierce akikanyaga pedali huku noti ingali inalia, na pedali hiyo moja ilipandisha sauti mbili kwa mpigo. Baadaye Buddy Emmons, mpigaji mwingine, aliigawa kazi hiyo katika pedali mbili, na ndiye pia aliyeongeza nyuzi za F# na D# (alama # hupandisha noti kwa nusu toni) upande wa mbali. Waliotuwekea kawaida hiyo, basi, walikuwa wapigaji waliofungua magitaa yao na kuyapanga upya kwa sababu kuna kitu walitaka kukisikia. Sioni kwa nini mwenye gitaa dogo akatazwe kufanya vivyo hivyo.

Tutazame noti zenyewe. Gitaa la nyuzi 10 la E9, ukihesabu kuanzia uzi ulio mbali zaidi na mpigaji, lina F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D na B. Wenye nyuzi 8 kwa kawaida hukata mbili za mwanzo au mbili za mwisho, kama mtu anayepunguza kitambaa pembeni. Mimi niliondoa D# na D, nikabaki na F#, G#, E, B, G#, F#, E na B. D# sikuisikitikia, kwa kuwa wenzo wa goti huishusha E kwa nusu toni na kunipa noti hiyohiyo. Iliyonitia wasiwasi ni D, maana ndiyo inayoigeuza kordi ya E kuwa E7. Lakini ukiusukuma wenzo huo, nyuzi za B, D# na F# zinatoa kordi ya B meja, na ukiongeza pedali inayopandisha G# kuwa A, umeshapata B7. Chuma hakijasogea hata unywele mmoja, nami nina E bila kukanyaga kitu, nina A kwa pedali mbili, na nina B7 kwa goti na pedali moja. Nyimbo ngapi zinahitaji zaidi ya hapo?

Penye mgogoro hasa ni pedali ya tatu. Gitaa langu lilikuja na mpango uliozoeleka: pedali ya kwanza hupandisha B kuwa C#, ya pili hupandisha G# kuwa A, na ya tatu hupandisha E kuwa F# pamoja na B kuwa C#. Hiyo ya tatu ni nzuri kwa mwenye nafasi. Kwangu ilikuwa anasa, kwa sababu kordi ya F# maina inayotolewa na pedali ya pili na ya tatu zikikanyagwa pamoja naipata pia kwenye freti ya 5 (mstari wa tano ninapoweka chuma) nikikanyaga ya kwanza peke yake. Nilichokikosa ni ile hatua fupi ya kupandisha E kuwa F, ambayo kwenye magitaa makubwa hufanywa na goti. Nikaifunga kwenye pedali ya tatu, nikajipongeza, kisha nikakaa kupiga na kugundua upuuzi nilioufanya: F hiyo inataka kwenda pamoja na C#, na hakuna mguu unaoweza kukanyaga pedali ya kwanza na ya tatu ukairuka ya katikati.

Ufumbuzi ulikuwa kubadilisha mfuatano wenyewe. Sasa pedali ya kushoto inapandisha E kuwa F, ya katikati inapandisha B kuwa C#, na ya kulia inapandisha G# kuwa A. Mguu unakaa juu ya ile ya katikati. Kifundo kikiegemea kushoto zinashuka mbili za kushoto, kikiegemea kulia zinashuka mbili za kulia. Faida yake ni hii: kordi moja ya E meja ninayo kwenye nyuzi wazi, ninayo kwenye freti ya 3 kwa pedali mbili za kushoto, ninayo kwenye freti ya 7 kwa mbili za kulia, na tena kwenye freti ya 12 bila pedali. Hakuna umbali mrefu wa kurukia.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba kazi hii ni nyepesi. Anayetaka kuifanya achungulie kwanza chini ya gitaa ahakikishe kwamba mtambo unaovuta nyuzi unaweza kupandisha na kushusha uzi uleule, kwa sababu si kila gitaa dogo linaweza. Mimi nililala chali na tochi mdomoni, nikihamisha fito za chuma kutoka mhimili mmoja hadi mwingine, nikaziunganisha zote vizuri, na bado uzi wa tatu, E, ukanitesa. Kila nikiutyuni, baada ya kukanyaga pedali mara mbili tatu ulikuwa umehama. Nilibadilisha uzi, nikalaumu springi, nikamlaumu hata aliyeniuzia. Kumbe nilikuwa nimekaza mno nati ya nailoni iliyo mwisho wa ufito, hivyo kidole cha mtambo, kile kinachoshika uzi, kilikuwa kinaning'inia badala ya kuegemea kizuizi chake. Nililegeza nati robo mzunguko, ufito ukacheza kidogo sana, na uzi ukatulia. Tangu hapo natyuni nyuzi wazi kwanza kwa vigingi, kisha nakanyaga kila pedali na kurekebisha noti yake kwenye nati, wala sirukii nati kabla ya vigingi.

Kuna jambo jingine ambalo makala haikuligusa. Ukiifuata mashine ya kutyunia na kuweka kila sindano katikati, kordi zitakwaruza, kwa kuwa noti ya tatu ya kordi ya meja inayotulia sikioni iko chini ya ile ya mashine kwa karibu senti 14, tukichukua nusu toni kuwa senti 100. G# ishushwe kiasi hicho. C# ya pedali nayo ishuke, maana ni ya tatu ya A; na F, ambayo ni ya tatu ya C# iliyokwisha kushushwa, hufika karibu senti 30 chini. Mara ya kwanza nilidhani sikio langu limeharibika.

Kuhusu nyuzi zenyewe, gitaa fupi lina tabia zake. Langu lina inchi 22.5 kati ya ncha mbili za uzi, wakati mengi makubwa yana 24, na kwa uzi na noti ileile mvutano unapungua kwa takriban asilimia 12. Ile G# nyembamba ya inchi 0.011, inayokatika ovyo kwenye magitaa makubwa, kwangu haikatiki, ila hulegea na kutetema chini ya chuma. Niliweka ya 0.012, nayo inatosha.

Kama bado kuna anayeona nyuzi 8 ni za watoto, amsikilize Sneaky Pete Kleinow katika rekodi za bendi ya Flying Burrito Brothers. Alipiga gitaa la stili aina ya Fender 400, la nyuzi 8, tena kwa mpangilio wa B6 ambao karibu hakuna mwingine aliyeutumia. Naomba makala ijayo ichapishe jedwali la mipangilio kadhaa ya magitaa madogo, pedali kwa pedali, na ionyeshe pia mfuatano wake chini ya mguu, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko pengine pote.

Wako mwaminifu,
Mpigaji wa nyuzi 8