Barua kwa shoga yangu, kuhusu wale watoto wa mbwa

Shoga yangu mpenzi,

Salamu kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imetuchosha. Barua yako ilinifurahisha mpaka nilipofika pale ulipoandika kwamba mbwa wenu amezaa watano kwenye banda la kuni, na mwanao hatoki hapo kutwa nzima. Nikaiweka chini.

Unamkumbuka mtoto wa dada yangu? Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa za jioni na kikohozi cha kukoroma kama mwenye pumu. Ukimgusa chini ya mbavu za kulia, analia. Malaria hamna. Choo kikapimwa mara tatu, safi. Dada akaambiwa mtoto hana minyoo, akaamini, nami ningeamini. Kumbe kuna minyoo ya mbwa, iitwayo toxocara, ambayo haikomai ndani ya mtu wala haitagi, hivyo choo cha mtoto hakionyeshi hata yai moja. Yai likimezwa, kinyoo kinatoboa utumbo na kufuata damu hadi kwenye ini, mapafu, pengine jichoni. Daktari wa mwisho aliona chembe za mzio zimepanda mno kwenye damu, akauliza, “Nyumbani kuna watoto wa mbwa?” Walikuwepo wanne.

Alipona kwa albendazoli ya siku tano, lakini macho yake tuliyapeleka kupimwa kwa hofu kubwa. Kinyoo kikituama nyuma ya jicho huacha kovu, na mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba jicho moja halioni. Mwaka 1950 huko Marekani, Helenor Wilder, mtafiti wa magonjwa ya macho, alichunguza macho ya watoto, mengi yakiwa yameng'olewa kwa kudhaniwa yana saratani. Katika macho 24 alikuta mabaki ya minyoo. Macho ya watoto, shoga yangu!

Mimi nilidhani kitoto cha mbwa kinachonyonya hakina uchafu. Si kweli. Vinyoo hulala kwenye mwili wa mama, mimba ikikua vinaamka na kuwaingia watoto humo humo tumboni, vingine kwa maziwa. Wakifikisha wiki tatu hivi wanaanza kumwaga mayai kwa maelfu. Nafuu yetu ni moja: yai lililotoka leo bado halidhuru, linahitaji wiki mbili tatu udongoni. Kwa hiyo kinyesi kizolewe kila siku, kifukiwe mbali. Likishakaa udongoni hudumu miaka, na dawa za kusafishia hazifui dafu.

Najua shemeji atasema watupwe. Tafadhali, wasitupwe. Wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili, kisha nne, sita na nane, na mama yao anywe siku hizo hizo. Mwanao nawe mkazanie kunawa kwa sabuni, na umkate kucha. Uliandika bado anabandua udongo ukutani na kuula. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana mkono uliotoka bandani ndio huo huo unaokwenda mdomoni. Lizibe banda kwa mabati kabla hujafanya lingine lolote.

Kwa hesabu yangu Jumapili wanatimiza wiki mbili. Dawa ya maji naituma kwa basi la Alhamisi, imefungwa ndani ya kitenge chako. Wapime uzito mmoja mmoja kwa mizani ya jikoni, umpigie afisa mifugo wenu akutajie kipimo cha kila mmoja.

Ni mimi shoga yako.