Wazee wetu wanarekodiwa hovyo

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, ila ile habari ya vijana "waliookoa historia" kwa kurekodi wazee huko mlimani Kilimanjaro imenishinda. Picha yenu yenyewe inatosha: simu imelazwa juu ya meza tupu, mlango wazi, mzee kakaa mita mbili kutoka hapo. Kilichookolewa ni sauti ya jogoo.

Rekodi moja ya namna hiyo, dakika 70, niliwahi kupewa niinukuu, yaani niiandike neno kwa neno. Bibi anaeleza zamu za maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, mvua inaanza kupiga bati, hakuna anayesimamisha. Kisha simu inaita, rekodi inakatika. Ya pili inaanza bila jina, tarehe wala kijiji, na faili lake limebanwa hata s na f zinasikika sawa. Saa moja iliyorekodiwa vizuri huchukua saa nne hadi sita kuinukuu; hiyo ilikula wiki.

Kwani kuna ugumu gani? Simu izimwe mtandao, ilale juu ya khanga iliyokunjwa mara nne ili isidake mtikisiko wa meza, shubiri moja na nusu kutoka kinywani, kando kidogo pumzi isiipige. Rekodi dakika moja, isikilize kwa hedifoni, ndipo uanze. Tumia WAV, faili la sauti lisilobanwa; saa moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) ni megabaiti 300 hivi, kadi ya giga 32 haijai leo wala kesho. Taja jina, tarehe, kijiji, na Kichaga cha wapi, maana Kimachame na Kirombo havisikilizani. Omba ruhusa, na mzee awe na haki ya kusema "hapa pasitoke", kwa kuwa kuna kesi za mipaka zinazosubiri maneno kama hayo. Msimuulize mwaka! Muulize kama alioa kabla ya kutawazwa Marealle, Mangi Mkuu (chifu wa Wachaga wote), au baada yake, kabla ya mwenge kupandishwa kilele cha Kibo 1961 au baada, na kama aliuza kahawa kabla ya vyama vya ushirika kuvunjwa 1976. "Maisha ya zamani yalikuwa mazuri, sivyo babu?" si swali, ni kumwekea maneno mdomoni. Bibi naye akihojiwa mumewe yuko kando, mtapata historia ya mume. Na mtafsiri asiandike "shamba" kila anaposikia "kihamba": kihamba ni urithi, nyumba, migomba na kahawa, shamba ni kile kipande cha mahindi huko chini tambarare. Ugomvi wa koo nyingi uko katikati ya maneno hayo mawili.

Halafu tunasubiri msiba. Wasifu wa marehemu unachapwa kwa rangi, nusu ukurasa umejaa wakwe na vyeo vya watoto, na miaka 60 ya kukata majani tambarare na kuyapandisha kichwani hadi zizini inapewa mstari mmoja: "alikuwa mchapakazi".

Napendekeza kwamba Desemba hii kila anayepanda mlimani na gari jipya aje na khanga moja, kadi mbili za kumbukumbu na hedifoni, akae na bibi yake dakika 90 kabla mbege, pombe yetu ya ndizi, haijafunguliwa. Spika ibaki kwenye buti.

Mnukuzi aliyechoka,
Moshi