Kuhusu rufaa ya shemeji yako

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili

Mpendwa Mama Tumaini,

Barua yako nimeipata. Poleni sana. Hata mtu akikwambia nchi yetu haijanyonga mtu tangu miaka ya 1990, hukumu ya kifo ikishasomwa kwa mtu wa nyumbani moyo hautulii. Mama mkwe mpe pole zangu.

Umeuliza Mahakama ya Rufani itamwamini nani: mashahidi wawili wanaosema walimwona shemeji kijijini usiku ule, au yeye anayesema alipeleka mahindi Kibaigwa akalala gesti. Mama Tumaini, shemeji hana mzigo wa kuthibitisha kwamba alilala Kibaigwa. Akishasema hakuwepo, ni kazi ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, kuonyesha pasipo kuacha shaka kwamba alikuwepo. Yeye inatosha maneno yake yakiibua shaka ya msingi. Ndiyo maana umenishtua uliposema hukumu imeandikwa kwamba "ameshindwa kuthibitisha alikokuwa". Kama ndivyo ilivyo, ametwishwa mzigo usio wake, na hiyo ni sababu nzuri ya rufaa.

Ila kuna upande unaoniuma. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka mwenye utetezi wa namna hii atoe taarifa kabla ya usikilizwaji, au angalau aeleze alikokuwa kabla Jamhuri haijafunga ushahidi wake. Yeye aliyataja ya Kibaigwa alipopanda kizimbani kujitetea. Hapo mahakama ina hiari ya kutoyapa uzito, ingawa haiwezi kuyaruka kana kwamba hayakusemwa. Kile kitabu cha wageni cha gesti, ambacho polisi wangeweza kukifuata mapema, hakikufika mahakamani, na kwenye rufaa ni nadra sana kupokelewa ushahidi mpya. Watu wetu wengi huingia mahabusu wakiamini wanyamaze mpaka siku ya kujitetea. Ukimya huo unawaumiza.

Matumaini yangu mimi yako kwenye taa, yaani mwanga ambao mashahidi wanasema walimwonea shemeji. Tangu shauri la Waziri Amani la 1980, mahakama zetu huuhesabu utambuzi wa macho kuwa ushahidi dhaifu mno, usioweza kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe wote. Shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na alikuwa anamfahamu? Kusema "kulikuwa na taa ya sola" hakutoshi. Ilining'inizwa barazani au ndani? Mwanga wake ulifika zizini walikosimama wale watu? Ulikuwa mkali kiasi gani? Wala usikate tamaa kwa sababu mashahidi ni majirani. Unayemjua ni rahisi kumtambua kuliko mgeni, lakini gizani watu hukosea hata ndugu zao.

Na mwenyekiti wa kitongoji, alipofika na waliokimbilia yowe, alitajiwa jina la shemeji? Hili ndilo nataka kulijua kuliko yote. Shemeji alikamatwa siku ya nne. Shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni jambo ambalo Mahakama ya Rufani hulipa uzito mkubwa. Kama mwenyekiti aliambiwa ni "watu wasiojulikana" na jina likaja baadaye, ushahidi huo una kasoro kubwa, hata kama habari ya Kibaigwa haikuaminiwa, maana utetezi dhaifu hauzibi matundu ya Jamhuri. Lakini kama wote wawili walimtaja usiku ule ule, kila mmoja kwa mdomo wake, sitakuficha: Kibaigwa peke yake haitamtoa.

Kwa hiyo nitumie mwenendo mzima wa shauri, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, si hukumu tu, maana majibu ya maswali haya yamo kwenye maneno ya mashahidi. Na kesho asubuhi nendeni gerezani mkamuulize kama ameshajaza taarifa ya kusudio la kukata rufaa na kuikabidhi kwa mkuu wa gereza. Muda ni siku 30 tangu hukumu.

Wako akupendaye,
Mama Baraka