Barua kwa somo yangu: Februari naenda Abisko

Gothenburg, 4 Oktoba 2026

Somo yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Mimi sijambo. Majani huku yameanza kupukutika na jua kila siku linawahi kuzama.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali, nami nikakukatisha kwa kuwa nilikuwa naingia zamu. Ulisema: "Mwanamke peke yako, kwenye barafu, usiku, kwenda kutazama mbingu! Kuna nini huko?" Nilisikia wasiwasi kwenye sauti yako kuliko swali lenyewe. Leo niko mapumziko, kwa hiyo nimekaa nikueleze safari hii kwa urefu, na mwishoni nina jambo la kukuomba.

Naenda kutazama mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza mbinguni usiku. Naenda Abisko, kijiji kidogo kaskazini kabisa mwa Uswidi, kama kilomita 200 juu ya mstari wa Aktiki, kando ya ziwa Torneträsk lenye urefu wa kilomita 70 hivi. Wengi wanaotaka kuona mianga ya kaskazini huenda Tromsø, Norwei, na hata mimi ndiko nilikoanza kuulizia. Tromsø ni mji mzuri, una hoteli na mikahawa ya kila namna, lakini uko pwani na mawingu ya Atlantiki huufunika mara kwa mara. Abisko iko nyuma ya milima. Hewa ya baharini humwaga mvua na theluji yake upande wa Norwei, na ikishavuka milima inakuwa imekauka. Ndiyo maana Abisko ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Uswidi, hupata kama milimita 300 tu za mvua na theluji kwa mwaka. Kwangu hoja hiyo imetosha. Mianga huchezea juu sana, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, na wingu lolote hukaa chini yake. Mbingu inaweza kuwa inawaka yote na wewe uliye chini ya wingu usione kitu.

Nitapanda treni ya usiku ya kutoka Stockholm. Ni mwendo wa saa 18 hivi, na kuna vyumba vya kulala vya wanawake watupu, humo ndimo nitakamochukua kitanda. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya madini ya chuma ya Kiruna, mji wa migodi wa huko kaskazini, ikafika bandari ya Narvik mwaka 1902, na mpaka leo treni ndefu za chuma hupishana na treni ya abiria. Abisko ina vituo viwili. Nitashuka kile cha pili, cha kwenye hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1909, maana hosteli yenye jiko la pamoja iko karibu pale. Nitapika mwenyewe.

Sasa tarehe. Kwa kuwa wewe ni mtoto wa mvuvi, utanielewa kuliko mtu yeyote niliyemweleza huku. Nakumbuka marehemu baba yako alivyokuwa akihesabu siku za giza: mbalamwezi ikiwa kali hakuna wa kushusha chombo kwa ajili ya dagaa, nyavu zinaanikwa, watu wanalala, giza likiingia, pwani nzima inaamka. Nami nimepanga hivyohivyo. Mwezi unatoweka tarehe 6 Februari 2027, kwa hiyo siku zinazotangulia hapo utakuwa unachomoza karibu na alfajiri, na usiku wote mbingu itakuwa nyeusi. Siku hizo ndizo nilizoombea likizo.

Ukihesabu utaona kwamba ni mwisho wa Shaabani. Nyinyi mtakuwa kwenye vunja jungu, kaskazi inavuma, na mimi nitakuwa nimesimama kwenye theluji. Nimelipima hilo pia. Wajuzi wanasema mianga huchangamka zaidi kuzunguka Machi na Septemba, wakati usiku na mchana vinapolingana, kwa sababu sumaku ya Dunia wakati huo inakaa vizuri zaidi kuupokea upepo wa Jua, yaani chembe zenye umeme zinazotoka kwenye Jua. Lakini siku za giza za Machi mwakani zinaangukia kumi la mwisho la Ramadhani na Idi. Kumi la mwisho siwezi kulipeleka hosteli. Kwa hiyo ni Februari, na niwe nimerudi nyumbani kabla mwezi haujaandama.

Na kwa nini isiwe Desemba, usiku wa huko unapokuwa mrefu kupita kiasi? Kwa sababu sehemu kubwa ya Desemba Abisko jua halichomozi kabisa. Masheikh wana fatwa zao kuhusu mahali pa namna hiyo, wengine husema ufuate saa za Makka, wengine za mji wa karibu wenye usiku na mchana. Mimi napenda niione asubuhi na nilione jua likizama. Mwanzoni mwa Februari litachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama karibu saa tisa alasiri. Hebu fikiria, Magharibi inaingia saa tisa! Adhuhuri na Alasiri zitafuatana upesi, lakini zitakuwepo, na baada ya hapo usiku wote ni wangu.

Juu ya Jua lenyewe nimesoma sana mwaka huu, na acha nikwambie machache kwa sababu yanafurahisha. Jua lina mzunguko wa takriban miaka 11 wa kuchafuka na kutulia. Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba limefika kwenye kipindi chake cha kilele, na Mei ya mwaka huohuo ilipiga dhoruba ya Jua ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya aina yake tangu 2003, watu wakaona mianga hadi Meksiko. Wenzangu wengi hufikiri kwamba kilele kikipita mambo yamekwisha. Sivyo. Jua linapoteremka huwa na sehemu ambako upepo wake hutoka kwa kasi, na sehemu hizo hukaa miezi. Jua lenyewe hujizungusha, na kwetu sisi tulio Duniani kila upande wake hurudi kutukabili baada ya siku 27 hivi. Kwa hiyo nitaanza kuangalia tarehe 5 hadi 10 Januari. Mianga ikiwaka vizuri siku hizo, nina matumaini makubwa zaidi kwamba itawaka tena nikiwa kule.

Zaidi ya hapo hakuna utabiri wa mbali. Kuna setilaiti zimewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa kuelekea Jua, zinaonja upepo ule kabla haujatufikia, na onyo lake halizidi saa moja hivi. Kitu cha kutazama ni mwelekeo wa sumaku inayokuja na upepo huo: ikielekea kusini, upepo unafunguliwa mlango na mianga huwaka; ikielekea kaskazini, hata upepo uwe mkali, mara nyingi unapita tu. Kiruna kuna taasisi ya fizikia ya anga ambayo huweka vipimo vyake wazi kwa watu wote, nami nitakuwa naviangalia kila jioni. Na kwa kuwa Abisko iko chini ya ile duara inayoizunguka ncha ya kaskazini ya Dunia, ambako mianga hukaa kila siku, hata usiku wa vipimo vya chini unaweza kuona kitu.

Yupo Mnorwei mmoja, Kristian Birkeland, ambaye nampenda bila ya kumjua. Mwaka 1899 alipeleka watu juu ya mlima Haldde, karibu na mji wa Alta, kaskazini mwa Norwei, wakakaa majira yote ya baridi kupima mianga. Baadaye akatengeneza dunia ndogo yenye sumaku ndani, akaiweka kwenye kisanduku kilichoondolewa hewa, akaipiga kwa miali ya umeme, na kwenye ncha zake mbili ukatokea mwanga. Wakubwa wa sayansi wengi hawakumkubali aliposema kwamba mianga huletwa na umeme unaotoka angani. Alifariki 1917, na miaka mingi baadaye setilaiti zikaikuta mikondo ya umeme aliyoisema, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Chembe kutoka angani hufuata sumaku ya Dunia na kugonga hewa: oksijeni ikigongwa hutoa kijani, ikigongwa juu zaidi, kilomita 200 na kupanda, hutoa wekundu, na naitrojeni hutoa zambarau ile ya pembeni.

Lakini aliyenitia hamu haswa si kitabu. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna bibi mmoja aliyezaliwa Kiruna. Agosti ya mwaka jana walihamisha kanisa la mji ule, kanisa zima la mbao lililojengwa 1912, wakalisogeza kilomita 5 kwa siku mbili kwa sababu mgodi ulio chini umeifanya ardhi ipasuke. Televisheni ilionyesha mwanzo hadi mwisho. Tulikaa naye, mkono wake kwenye mkono wangu, akilitazama kanisa alilobatiziwa likitembea barabarani. Siku ile ndipo aliponisimulia utoto wake: kwamba mama yake, ambaye alikuwa Msami, yaani wa wale wenyeji wa asili wa kaskazini, aliwakataza kupiga mluzi mianga inapokuwa juu, kwani ingewashukia. Nikamwambia nasi bibi zetu walitukataza mluzi usiku, tusije tukaita nyoka au shetani. Alicheka sana, kisha akanitazama na kusema niende nikaone kabla sijazeeka, na niende mwenyewe. Sitapiga mluzi, somo. Nchi ile ni yao na neno lao nitalishika.

Sasa nifike penyewe, hili la peke yangu. Kampuni za huko zina mabasi yanayowakimbiza watu huku na kule wakitafuta uwazi kwenye mawingu, na marafiki hapa wamenishauri nijiunge. Siwalaumu wanaopenda hivyo. Mimi nimetazama watu wakisubiri kwa pamoja, na najua inavyokuwa: mmoja anaona baridi, mwingine anataka picha, mwingine anauliza kama hiyo ndiyo yenyewe au bado. Kazi yangu yote ni kuitikia. Kengele ikilia naamka, mgonjwa akiniita naenda, na ninaipenda kazi hiyo, Mungu ndiye shahidi. Lakini tangu nimefika nchi hii sijawahi kukaa usiku mmoja nikiwa macho bila ya kuwa ni kwa ajili ya mtu fulani. Nataka kusimama mahali, nisubiri kwa kadiri ninavyotaka, na kama hakutokei kitu nisimwombe mtu radhi.

Na inawezekana kisitokee. Hilo nalijua na nimelikubali kabla ya kukata tiketi. Ninachoweza kununua ni nauli, kitanda na nguo. Kinachonishangaza ni kwamba kujua hivyo hakukunipunguzia hamu hata kidogo. Usiku wenyewe, theluji, ziwa lililoganda, nyota ambazo hapa mjini taa zimetuficha: hayo yatakuwepo ikiwa mbingu itakuwa wazi tu.

Usiamini pia zile picha za kijani kikali zinazozunguka kwenye simu. Kamera hufungua jicho lake sekunde nyingi, letu haliwezi. Mwanzoni mianga huonekana kama ukungu wa kijivu, na macho yanahitaji karibu nusu saa ya giza kabla hayajaanza kuona sawasawa. Kwa hiyo nimeazimia usiku wa kwanza kutopiga picha hata moja. Nimeazima kamera na kitegemeo chake cha miguu mitatu, lakini hiyo ni ya usiku unaofuata.

Baridi, naam. Wastani wa Februari kule ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri, na ziko siku zinazoshuka hadi 30. Nguo za pamba hazifai, zikishika jasho zinakugandisha. Ndani kabisa navaa sufu, juu yake sweta nene, kisha koti la kuzuia upepo, viatu vikubwa kidogo ili soksi mbili zisibane damu, glavu nyembamba ndani ya glavu nene. Simu itakaa kifuani, kwa sababu baridi huimaliza betri upesi. Na nitakuwa na chupa ya chai ya tangawizi. Hapo ndipo ombi la kwanza: nitumie tangawizi ya unga kutoka nyumbani, na kashata kama utampata msafiri. Za huku hazina ukali.

Ombi la pili ndilo kubwa. Kila usiku, kabla ya kulala, nitakuandikia ujumbe mfupi kwamba nimeingia ndani. Wakati huo mtakuwa mbele yetu kwa saa mbili, kwa hiyo utaukuta ukiamka kwa Alfajiri. Sitatembea juu ya ziwa bila kuwauliza wenyeji hali ya barafu, sitakwenda mbali na njia, na mapokezi watajua ninapotoka. Lakini ukiswali na bado hujaona ujumbe wangu, piga simu hosteli. Namba nitakutumia Januari pamoja na tarehe zote za treni. Na tafadhali mama asisikie habari hizi kwa mtu mwingine. Nenda wewe ukamweleze, kwa utaratibu, maana wewe anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi.

Nisalimie wote, hasa wajomba na watoto. Nijibu upesi kuhusu tangawizi.

Ni mimi somo wako.