Mama Neema, kuhusu kile kikundi cha moyo

Mama Neema, habari za Morogoro? Huku Dodoma upepo tu na baridi ya asubuhi, watoto wazima. Uliuliza kikundi changu cha wagonjwa wa moyo tunachokutana kwa video kinaendaje, naandika maana kwenye simu tunakatika kila saa.

Wagonjwa wangu wana ugonjwa wa moyo na juu yake sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ila wao hawasemi sonona, wanasema "nina mawazo sista, silali". Karibu mtu 1 kati ya 5 waliopata shambulio la moyo anaangukia huko, na ndio hao wanaacha dawa, hawatoki hata kutembea, mwisho tunawaona tena wodini. Ile tiba ya sonona ya wiki 8 ya kina Segal, Williams na Teasdale, ya kujifunza kutulia na kutazama mwili na mawazo yako bila kujihukumu, ni nzuri jamani, lakini ni ya watu waliokaa chumba kimoja masaa mawili, na nyumbani dakika 45 kila siku, sasa mtu wa Kongwa na bando lake la kuungaunga utamkalisha hivyo? Mimi na mwanasaikolojia tumekata, saa moja tu, mazoezi ya nyumbani natuma voisi ya dakika 10 anasikiliza hata mtandao ukigoma.

Kilichonitesa ni pumzi. Wiki ya kwanza nikawaambia wafumbe macho wafuate pumzi, baba mmoja akazima kamera, kumpigia ananiambia "sista ukisema nisikilize kifua nausikia moyo unadunda, naona unakuja tena". Iliniuma sana, kifua ndicho kilichomwangusha halafu mimi namrudisha hukohuko. Siku hizi tunaanza na nyayo zinavyogusa sakafu, au upepo unavyopiga bati, macho wazi, pumzi baadaye kwa anayetaka.

Na kabla ya kuanza kila mtu anataja yuko wapi na nani yuko karibu naye, maana mtu akibanwa kifua yuko Kibaigwa mi nitamfikiaje?

Lile zoezi la kula zabibu kavu moja taratibu ndio wamelipenda kweli. Mama wa Hombolo, amelima zabibu miaka yote, akasema hajawahi kuitazama hata moja hivi, akaanza kulia, tukanyamaza wote tukamsubiri.

Sasa ombi langu, nirekodie zoezi la nyayo kwa Kigogo. Nina bibi wawili Kiswahili changu cha darasani kinawapita, na sauti yako imetulia kuliko yangu. Wasalimie Neema na baba yake, na voisi nitumie kabla ya Alhamisi tafadhali.